Kwa baiskeli kwenye njia ya nyumbu: Buffalo mpaka Albany kando ya mfereji wa Erie

Nimesharudi nyumbani wiki ya tatu hii, miguu ndo inaanza kusahau, basi bora niandike kabla kichwa nacho hakijasahau. Nimeunga kutoka kwenye kidaftari kilicholowa mvua mara mbili na mapicha kibao ya kwenye simu, pale ambapo sisomi mwandiko wangu nimeangalia picha. Safari yenyewe ni mfereji wa Erie, jimbo la New York, Marekani, kuanzia Buffalo kwenye ziwa mpaka Albany kwenye mto Hudson, kama kilomita 580, kwa baiskeli ya kuazima ya shemeji ambayo gia yake ya mwisho haijawahi kufanya kazi na yeye anajua na hakuniambia.

Niseme kitu kimoja mapema maana kilinichanganya siku nne nzima. Nilienda nikijua naenda kuona mfereji mmoja. Kumbe iko mitatu. Wa kwanza ulifunguliwa 1825, halafu kuanzia 1836 wakaupanua mpaka 1862 na sehemu nyingine wakanyoosha kona wakauhamisha, halafu kati ya 1905 na 1918 wakajenga mwingine mpya kabisa wa matishali ambao mara nyingi unapita mtoni na kuikwepa miji. Kwa hiyo ukiona maji, hayo ni ya juzijuzi. Ule wa zamani unautafuta nchi kavu.

Ijumaa 8 Agosti, Buffalo

Shemeji alinipeleka pale Canalside, sehemu mfereji ulipoishia upande wa magharibi. Ghuba ndogo ya zamani ilishafukiwa wakaja kuichimbua tena mwaka 2008, sasa hivi ni sehemu ya watu kupunga upepo. Kuna nakala ya boti iitwayo Seneca Chief, imeundwa na watu wa kujitolea, kwa ajili ya miaka 200 ya mfereji. Boti ya asili ndo ilimbeba gavana DeWitt Clinton tarehe 26 Oktoba 1825 kutoka hapa kwenda New York. Simu hakuna, telegrafu bado, sasa mji wa New York utajuaje kwamba gavana ameondoka? Wakapanga mizinga njia nzima, huu ukilia wa mbele yake unasikia nao unalipuliwa, habari ikafika pwani chini ya saa moja na nusu. Boti yenyewe ilifika tarehe 4 Novemba, gavana akamwaga maji ya ziwa Erie baharini. Watu walikuwa wamemcheka miaka yote, wanauita mtaro wa Clinton. Mtaro uligharimu dola milioni 7 na ukazirudisha kwa ushuru haraka kuliko mtu yeyote alivyotegemea, maana tani moja ya mzigo kutoka Buffalo kwenda New York ilikuwa kama dola 100 ikashuka chini ya dola 10.

Nyuma ya pale kuna maghala makubwa ya nafaka, marefu kama magorofa, mengi matupu. Joseph Dart alijenga la kwanza la mashine ya mvuke hapo hapo Buffalo mwaka 1842, ngano ikawa inapandishwa kwa ndoo za mkanda badala ya mabega ya watu. Shemeji anafanya kazi jirani na hapo miaka sita, hakuwahi kujua ni ya nini.

Jumamosi 9, Buffalo – Lockport, km 50

Ushauri kwanza: nendeni magharibi kwenda mashariki kama mimi. Ziwa Erie liko juu mita 170 na kitu kuliko Hudson, na upepo mara nyingi unatoka mgongoni. Niliokutana nao wanakuja upande wa pili walikuwa na sura za watu wanaodaiwa.

Lockport ni mji uliozaliwa na loki. Loki, kwa asiyejua, ni chumba cha mawe au zege chenye milango mikubwa huku na huku, boti inaingia, milango inafungwa, maji yanaongezwa au yanapunguzwa, boti inapanda au inashuka kama lifti. Pump hakuna hata moja, ni maji kutoka juu kwenda chini tu. Hapa kuna ukuta wa mwamba, ule ule unaotengeneza maporomoko ya Niagara, na mfereji ulilazimika kuupanda. Nathan Roberts akachora loki tano zimeshikana kama ngazi, halafu mara mbili sambamba, ili za kupanda na za kushuka zisisubiriane. Leo upande mmoja ziko loki mbili za kisasa, na upande wa pili ngazi ya mawe ya miaka ya 1840 bado ipo. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Kizingiti kimoja cha jiwe kimechimbika mfereji wa kidole, laini kabisa, ni kamba za boti zilizosuguliwa hapo miaka na miaka.

Moteli dola 95. Nilikuwa sijabuku, kosa langu, siku za wikiendi mwezi wa nane bukuni.

Jumapili 10, Lockport – Brockport, km 72

Tambarare tupu. Kutoka Lockport mpaka Rochester ni kama kilomita 100 hakuna loki hata moja, maji yamelala kama kwenye sinia. Njia ni ile ile waliyokuwa wanapita nyumbu wakivuta boti kwa kamba. Nyumbu hawa sio wa Serengeti jamani, ni wale watoto wa punda na farasi, na mara nyingi aliyekuwa anawaongoza ni mtoto wa kiume anatembea kwa miguu usiku na mchana kwa zamu. Sasa hivi ni changarawe laini iliyoshindiliwa, tairi nyembamba za barabarani msijaribu.

Karibu na Medina kuna barabara inayopita chini ya mfereji, ndo sehemu pekee kwenye mfereji wote. Nikaingia na baiskeli. Giza, baridi, dari inadondosha matone, moja likanipata shingoni, na unajua kabisa kwamba juu yako kuna mfereji mzima umejaa. Nilitoka haraka kuliko nilivyoingia.

Miji midogo huku ina madaraja ya kunyanyuka, daraja zima linapanda juu likiwa limelala vile vile, magari yanasubiri, boti inapita, linashuka. Pale Albion liliponyanyuliwa nilihesabu magari tisa yanasubiri boti moja ya mzee mmoja na mbwa wake. Mzee akapunga mkono kama rais.

Brockport nililala kwenye hema kando ya maji, miji mingi ya mfereji inaruhusu waendesha baiskeli kupiga hema bure au kwa hela ndogo, na choo kipo, pengine bafu pia. Ulizeni kabla ya kufika maana ofisi zinafungwa mapema.

Jumatatu 11, Brockport – Rochester – Fairport, km 55

Rochester ndo hapa niliposhtuka. Ramani inaonyesha mfereji unapita kusini, nje ya mji. Lakini nimesoma kwamba mfereji ulipita katikati kabisa, juu ya mto Genesee, kwenye daraja la maji. Basi nikaacha njia nikaingia mjini. Daraja lipo. Mawe, matao, zito, la mwaka 1842. Juu yake leo ni barabara ya magari, Broad Street. Mfereji ulipohamishwa, wenye mji wakaangalia lile shimo refu kavu linalokatiza mji wakasema, si tuweke treni? Wakaweka. Treni ya chini ilipita ndani ya mfereji kuanzia 1927 mpaka 1956, halafu nayo ikafa. Kwa hiyo daraja moja limebeba boti, limebeba treni, na sasa limebeba magari, na mto chini yake haujali.

Ngano ya magharibi ilikuwa inasagwa hapa kwa nguvu za maporomoko, unga unapakiwa kwenye mfereji, ndo maana ukaitwa mji wa unga, halafu vinu vilipohamia mbali wakageuza wakajiita mji wa maua, kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatamkwa sawa, kwa hiyo hata jina hawakubadilisha. Ni hapa pia Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, alianzisha gazeti lake la North Star mwaka 1847. Amezikwa makaburi ya Mount Hope. Nilipita, nikakuta mtu kaweka kokoto na ua, nami nikaweka kokoto.

Fairport kuna daraja la kunyanyuka lililojengwa kwa mshazari na mteremko mpaka eti halina hata pembemraba moja. Niliangalia nikaamini. Aiskrimu dola 6, nikanunua mbili, sijutii.

Jumanne 12, Fairport – Lyons, km 60

Mvua. Daftari limelowa mara ya kwanza. Nilijikinga kwenye kibanda cha loki moja na mwendesha loki akanipa kahawa. Nikamuuliza leo umepitisha boti ngapi, akasema mbili, na kayaki. Chumba cha loki yake kina urefu wa zaidi ya mita 90, kilijengwa kumeza matishali makubwa. Akanionyesha swichi za shaba anazozing'arisha mwenyewe, akasema "nikiziacha wiki moja zinanuna".

Nikamuuliza mizigo ilienda wapi. Akanihesabia kwa vidole. Reli ilianza kula mapema, ndo maana mwaka 1882 jimbo likapiga kura kufuta ushuru kabisa ili mfereji ushindane. Halafu ukaja huu mpya wa matishali, ukapumua, mafuta na nafaka, miaka ya mwanzo ya 1950 ulibeba tani zaidi ya milioni 5 kwa mwaka. Halafu malori na barabara kuu ya jimbo, na mwaka 1959 ikafunguliwa njia ya mto St. Lawrence ambako meli za bahari zinaingia zenyewe mpaka maziwa makuu. Hapo ndo basi. Lakini akasema mzigo usioingia barabarani bado unapita huku, mwaka 2017 yalipita matangi makubwa 12 ya kutengenezea bia kwenda Rochester, watu walijipanga kingo zote kuyashangaa.

Jumatano 13, Lyons – Syracuse, km 85

Siku ndefu, na sehemu kubwa ya asubuhi ni barabara ya lami pamoja na magari, vaeni fulana za kung'aa.

Montezuma ni kinamasi. Mwaka 1819 wachimbaji wa mfereji walifika hapa na malaria ikawafyeka, wakiwemo Waairishi maskini. Nilisoma bango hilo nimesimama najipiga mbu shingoni, na mimi malaria naijua kwa jina la utani, nimelazwa nayo mara tatu, sikutegemea kuikuta New York. Inasimuliwa kwamba walikuwa wanavaa vikopo vya moshi shingoni kufukuza wadudu. Mbu hawakuwadhania, watu walidhani ni hewa mbaya ya kinamasi. Kilichosaidia ni kusubiri baridi, wakachimba maji yameganda.

Kinamasi kikaja kukaushwa sehemu kubwa mifereji ilipojengwa, na tangu 1938 kile kilichobaki ni hifadhi ya ndege. Juu ya mto Seneca yamesimama mabaki ya daraja la maji lililokuwa na matao 31, sehemu yake kubwa ilivunjwa 1917 ili mfereji mpya upite. Nilimwona tai mwenye kichwa cheupe ametua kwenye tao la mwisho. Picha ninayo lakini ni doa tu, mtaniamini.

Alhamisi 14, Syracuse, mapumziko

Makalio yaligoma.

Mfereji Syracuse ulipita katikati ya mji. Usiutafute, umesimama juu yake: Erie Boulevard, barabara pana, imejengwa juu ya mfereji uliofukiwa. Ila jengo moja limebaki, la mwaka 1850, lilikuwa kituo cha kupimia boti na sasa ni makumbusho. Hapa naomba nikae kidogo. Ushuru ulikuwa kwa uzito, sasa boti inayoelea utaipimaje? Boti iliingizwa kwenye chumba pembeni ya jengo, milango ikafungwa, maji yakaachiwa yatoke, boti ikakaa taratibu kwenye kitanda cha mbao kilichoning'inizwa kwenye mizani. Uzito wa boti tupu umeandikwa kwenye kitabu, wanatoa, kinachobaki ndo mzigo wako, lipa. Halafu maji yanarudishwa unaelea unaondoka. Kama ulishapita mizani ya malori utaelewa kwa nini nilicheka, nahodha akibishana na karani ndani ya boti iliyokaa kavu.

Mji wenyewe ulikua kwa chumvi, maji ya chumvi yanachemshwa mpaka chumvi inabaki, na mfereji ndo uliisafirisha. Wafanyakazi walikuwa wanatosa viazi vidogo kwenye masufuria hayo hayo ya kuchemshia chumvi, na mpaka leo wanauza viazi vya chumvi, unga mweupe umeganda kwenye ganda, juu siagi. Sahani dola 7. Nilikula mbili.

Ijumaa 15, Syracuse – Rome, km 65

Siku nzuri kuliko zote. Hapa mfereji wa zamani umeachwa kama hifadhi, kilomita 58 kutoka DeWitt mpaka Rome, maji ya kina kifupi, kijani, kasa wamepangana kwenye magogo kama sahani. Pale Chittenango kuna chelezo za zamani za kutengenezea boti, zimefukuliwa upya. Na ni jirani na hapo walipopata mawe ya chokaa yanayotengeneza saruji inayoganda ndani ya maji. Kabla ya hapo hawakuwa nayo. Kijana aitwaye Canvass White alitembea kwa miguu kukagua mifereji ya Uingereza, akarudi na elimu. Wakubwa wake, Benjamin Wright na James Geddes, walikuwa mahakimu waliojua kupima ardhi, hakuna aliyewahi kujenga mfereji. Walijifunzia kazini.

Na ardhi hii ilikuwa ya watu. Haudenosaunee, mataifa ya asili ya huku, Oneida wakiwemo, walisukumwa wakapokonywa ekari baada ya ekari ili njia ipite na walowezi wafuate. Mabango ya zamani hayasemi, yale mapya mapya yameanza kusema.

Rome ndo jembe la kwanza lilipigwa, tarehe 4 Julai 1817. Kwa nini katikati na sio mwanzo? Kwa sababu hapa pametambarika na udongo ni laini, wakitaka wananchi waone matokeo upesi kabla hawajakata tamaa na kodi zao.

Jumamosi 16, Rome – Utica – Little Falls, km 70

Pancha Utica. Pampu yangu ikakatika mpini. Nipo pembeni ya barabara nalaani kwa Kiswahili, kwa sauti kidogo, nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu, unatukana asubuhi yote hii?"

Mama wa makamo, kikapu cha mboga mkononi. Nilishindwa kuongea. Nikamwamkia, "Shikamoo mama", akaitika "Marahaba", akaniambia yeye ni Mbantu wa Somalia, nyumbani kwao wanaongea Kizigua, Kiswahili alikipata kambini Kenya. Kizigua! Mimi nina mjomba Handeni. Nikamsalimia kwa vijineno vyangu vitatu vya Kizigua akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Utica imepokea wakimbizi miaka mingi, Wabosnia, watu wa Burma, Wabantu wa Somalia. Mwanawe akaja na pampu na tyubu mpya, nikataka kulipa, mama akaniangalia tu, nikarudisha hela mfukoni. Akanifungia ugali na mchicha kwenye foili. Nikamuuliza mfereji anaujua? Akasema, "Ule wa maji? Watoto wanavua samaki huko."

Little Falls loki namba 17, lango lake la chini linashuka kutoka juu kama kisu, na loki yenyewe inapandisha boti zaidi ya mita 12 kwa mkupuo mmoja. Nilikula ugali juu ya ukuta wake nikiangalia wastaafu wawili wakishuka na boti yao. Wanazunguka nusu ya Marekani kwa maji, wakanirushia soda ya baridi.

Jumapili 17, Little Falls – Fort Hunter, km 70

Bonde la mto Mohawk. Reli, barabara kuu, mto na njia ya baiskeli vyote vimebanana pamoja, hakuna pengine pa kupita. Mvua ya pili, daftari likalowa tena, kurasa zimeshikana.

Fort Hunter kuna daraja la maji la kijito cha Schoharie, matao yamesimama upande mmoja halafu yanakatika ghafla katikati ya maji. Kabla halijajengwa boti zilivushwa kijito kwenyewe kwa kamba, na maji yakija juu ilikuwa hatari. Nilipiga hema jirani.

Jumatatu 18, Fort Hunter – Waterford – Albany

Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Schenectady nilipita bila kusimama. Nikavuka mto kwenda Waterford kuona loki tano za mwisho, zinashusha boti mita 51 ndani ya kilomita mbili na nusu hivi. Halafu Albany, lami, mataa, kwisha. Hakuna bango la maana la mwisho, au mimi sikuliona.

Hesabu: siku 11, moteli usiku tano, hema usiku tano, jumla kama dola 870 na chakula, bila nauli ya kufika. Mfereji hupunguzwa maji msimu wa baridi, kwa hiyo mkitaka kuona boti njooni kati ya mwezi wa tano na wa kumi. Treni ya kurudi Buffalo hakikisheni inabeba baiskeli na mbuku nafasi yake mapema, mimi nilipata ya mwisho.

Reli inafuata bonde lile lile. Masaa matano na kitu, siku zangu zote zikapita dirishani kinyumenyume. Utica nilitoa shingo kuangalia ile barabara ya pancha, haikuonekana. Kufika Rochester nilikuwa nimelala, na baiskeli ya watu imening'inizwa kwenye behewa la nyuma ina tope la Montezuma mpaka kwenye spoku, shemeji ananidai kuiosha mpaka leo.